Keekee na Mwendo Wake: Maneno ya Kutoboa Tangu Uta wa Pwani ya Kilwa hadi Alumini

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha karakana hukuta, katika sura ihusuyo kutoboa, jedwali dogo ambalo kwa kulitazama tu halionekani kuwa na uzito. Upande mmoja pana majina ya metali, na upande wa pili pana tarakimu: chuma laini 25 hadi 30, alumini 60 na zaidi. Juu ya tarakimu hizo pana neno la kigeni ambalo yeye, bila kusita, huliandika *kasi*. Akigeuza kurasa mbili hukuta jedwali la pili lenye tarakimu za mamia na maelfu, nalo pia huliandika *kasi*. Mwisho hufika penye vipande vidogo vya milimita, na hapo, kwa kuwa neno limekwisha kumzoea, huandika *kasi ya kusukuma*. Kitabu hupigwa chapa, hupelekwa vyuoni, na mwanafunzi aliye mbele ya mashine hubaki na kasi tatu asizoweza kuzitofautisha.

Makala haya yanakusudia kufuatia historia ya maneno ya kutoboa katika Kiswahili, hasa katika pwani ya Kilwa na bara yake hata kufika Likawage, ili tuone ni wapi ambapo lugha ilikuwa tajiri na ni wapi ilipokosa neno, na kwa sababu gani. Tutashikilia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni kuchagua mwendo ufaao wa kutoboa alumini. Tumeuchagua kwa kuwa alumini ni metali isiyosamehe kosa la tafsiri.

Tuanze na chombo chenyewe. Keekee si neno lililobuniwa na kamati. Makamusi ya mwanzo ya Kiswahili cha Unguja, tangu kazi ya Askofu Steere iliyotoka mwaka 1870, kupitia kamusi ya Madan ya mwaka 1903, hadi ile ya Johnson ya mwaka 1939, yalilikuta neno hili likitumika kwa maseremala na waunda vyombo. Nalo halikuwa peke yake. Chuma chenye makali ndicho keekee hasa; mti kilimochomekwa chuma hicho na unaozungushwa huitwa msukano; kishikio kinachobaki kimetulia mkononi ilhali msukano unazunguka ndani yake huitwa jivu (wala lisidhaniwe kuwa ni jivu la jikoni); na kinachouzungusha msukano ni uta, ambao kamba yake huviringishwa juu ya mti huo na kuvutwa huku na huko. Chombo kimoja, majina manne, na kila jina lina mahali pake. Wale wanaosema kwamba Kiswahili hakikuwa na istilahi za ufundi kabla ya kuja kwa vitabu vya Kizungu wangefanya vyema kuanza na msukano na jivu.

Vitendo navyo vilikuwa na majina yake. *Kupekecha* ni kuzungusha kijiti baina ya viganja, kama ilivyofanywa katika kupekecha moto, na kwa hiyo ndilo neno la kale la kutoboa kwa mzunguko. *Kuzua* ni kutoa tundu mahali palipokuwa pazima. Ndiyo maana hata uongo huzuliwa. *Kutoboa* ni kupenya hadi upande wa pili, na siri nayo hutobolewa. *Kubungua* ni kazi ya wadudu ndani ya nafaka na mbao. *Kudidimia* ni kuzama kidogo kidogo, na *kudidimiza* ni kukizamisha kitu kwa kukikandamiza. Tunamwomba msomaji aliweke akiba neno hili la mwisho, maana tutalihitaji.

Katika pwani ya Kilwa kazi ya kutoboa ni ya kale kuliko kumbukumbu zote zilizoandikwa. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa Kisiwani na kuchapisha matokeo ya kazi yake mwaka 1974, alikuta katika tabaka za chini vigae vyenye mifereji vilivyotumiwa kusagia shanga za makombe. Shanga haiwi shanga bila tundu. Basi watu wa Kilwa walikuwa wakitoboa makombe kabla ya mji wao kuwa na umaarufu ule aliouona Ibn Battuta mwaka 1331. Baadaye masultani wao walitoa sarafu za shaba, lakini hizo hazikuwa na tundu.

Shule kubwa ya keekee, hata hivyo, ilikuwa ufukweni, kwa waunda majahazi. Ubao wa jahazi haupigwi msumari vivi hivi, kwani utapasuka. Hutobolewa kwanza kwa tundu jembamba kidogo kuliko msumari, ndipo msumari ukaingia na kushika. Katika vyombo vya kushonwa, kama mtepe wa upande wa Lamu, kila mbao ilitobolewa mistari ya matundu ya kupitishia kamba za nazi. Hesabu ya matundu katika chombo kimoja ilikuwa kubwa mno, na mwanafunzi wa uundaji alianza kazi yake kwa kuvuta uta.

Hapo ndipo tunapopata jambo la kushangaza kidogo. Lugha iliyokuwa na majina manne ya sehemu za keekee haikuwa na jina hata moja la mwendo wake. Fundi hakusema kwamba keekee izungushwe mara ngapi. Hakuhitaji. Mwendo ulikuwa ndani ya mkono wake wa kulia uliovuta uta, na mdidimio ulikuwa ndani ya mkono wa kushoto uliobonyeza jivu, na baina ya mikono hiyo miwili palikuwa na sikio lililosikia mlio na pua iliyonusa mti unaoanza kuungua. Alimwambia mwanafunzi *vuta*, *legeza*, *usikandamize*, na hayo yalitosha. Tena uta huenda na kurudi, kwa hiyo keekee ya uta huzunguka kuume na kushoto kwa zamu, ikikwangua pande zote mbili. Mwendo wake haudumu hata kwa nukta moja, na kitu kisichodumu ni vigumu kukihesabu. Tunaona kwamba pengo hili katika lugha halikuwa upungufu wa wasemaji wake. Kitu kinachopimwa na mwili wa mtu hakidai jina mpaka kitakapotoka mwilini na kuingia katika mashine.

Sasa tuiache pwani na kuingia bara. Likawage ni kijiji na kata iliyomo ndani ya Wilaya ya Kilwa, mbali na bahari, katika nchi ya miombo na ya Wangindo. Mti uliolipa eneo hilo jina katika biashara ya dunia ni mpingo. Mpingo ni mzito hata ukitiwa majini huzama, na ugumu wake unakaribia kuwafanya maseremala waushughulikie kama metali. Ndio unaotumiwa kutengenezea zumari za Kizungu ziitwazo klarineti na oboi, ambazo mwili wake wote ni tundu moja refu lililozungukwa na matundu madogo ya vidole na vifuniko. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, katika wilaya hiyo hiyo, ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na vijiji vingine vikafuata mkondo huo. Likawage ni miongoni mwa vijiji vilivyotenga msitu wake na kuusimamia vyenyewe.

Kwa mintarafu ya lugha, tunalotaka kulionyesha ni hili. Gogo la mpingo hukatwa Kilwa, hupasuliwa vipande vya mraba, husafirishwa hadi Ulaya, na huko ndiko hutobolewa. Linaondoka bila tundu. Maarifa ya kuutoboa mpingo kwa mashine, yaani mwendo gani usioichoma mbao, mara ngapi chuma kitolewe ili kisafishwe, mafuta gani yatumike, yote hayo yamepata maneno yake katika Kifaransa na Kijerumani, kwa kuwa huko ndiko kazi inakofanyika. Neno huzaliwa penye kazi. Fundi wa Likawage aujuaye mpingo kwa kuutazama gome tu hana neno la mwendo wa keekee ya mashine kwa sababu mashine hiyo haikuwekwa kwake.

Lakini alumini imemfikia. Hii ndiyo sababu tumeiacha mbao na kuishika metali hii. Sufuria ni alumini, fremu za madirisha ya kisasa ni alumini, fremu za paneli za umeme wa jua ni alumini, na vifuniko vya injini ya pikipiki, chombo ambacho leo hakuna kijiji kisichokijua, ni alumini iliyomiminwa. Kila kimoja katika hivyo siku moja huhitaji tundu.

Historia ya alumini yenyewe ni fupi. Njia ya kuipata kwa nguvu za umeme iligunduliwa mwaka 1886 na watu wawili, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake. Katika Afrika ya Mashariki watu wengi waliishika kwanza kama fedha: mwaka 1907 na 1908 serikali za Kiingereza za Kenya na Uganda za wakati huo zilitoa senti ya alumini, na pia nusu senti, zikiwa na tundu katikati. Sarafu hizo hazikustahimili hali ya hewa, na kuanzia mwaka 1909 zilibadilishwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Upande wa Kilwa na Lindi, uliokuwa chini ya Wajerumani, hela kumi zilizotoka tangu mwaka 1908 nazo zilikuwa na tundu, ila hazikuwa za alumini. Mfasiri aangalie kwamba matundu hayo hayakutobolewa kwa keekee bali yalipigwa kwa mkupuo mmoja wa chuma, na Kiswahili kinatofautisha vizuri *kupiga tundu* na *kutoboa tundu*. Baada ya vita vya pili vya dunia alumini ilienea majikoni, na mwaka 1960 kilianzishwa Dar es Salaam kiwanda kilichoitwa Aluminium Africa. Neno *sufuria*, ambalo asili yake ya Kiarabu ni ya shaba, lilihamia kwenye metali mpya bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Sisi tunalitaja jambo hili kwa furaha, kwani linaonyesha kwamba wapishi hawakungojea orodha.

Keekee nayo ilikuwa imebadilika. Mwaka 1863 Mmarekani Steven Morse alipata hati ya kumiliki ubunifu wa keekee ya chuma yenye mifereji miwili iliyosokotwa, ile ambayo leo vijana wa gereji huiita *drili* au *biti*. Keekee hii huzunguka upande mmoja tu, na mifereji yake hupandisha juu maranda ya metali inayokatwa. Hapo mwendo ukadumu, na kwa kuwa umedumu ukaweza kuhesabiwa. Mwishoni mwa karne ile, baina ya mwaka 1898 na 1900, Frederick Taylor na Maunsel White wa Marekani walipata chuma cha pua kisicholainika upesi kwa moto, na Taylor akatumia miaka mingi akipima uhusiano kati ya mwendo wa makali na uhai wa makali hayo. Alithibitisha jambo ambalo kila fundi alikuwa akilihisi: ukiongeza mwendo kidogo, uhai wa makali hupungua sana. Majedwali yote yanayowasumbua wafasiri wetu yametokana na kazi ya namna hiyo.

Basi majedwali hayo yanasema nini? Yanasema mambo matatu, nayo ni mbalimbali kabisa.

La kwanza ni mwendo wa yale makali ya pembeni mwa keekee yanapoipita metali, nao hupimwa kwa mita katika dakika. Mwendo huu hutokana na metali inayotobolewa na chuma cha keekee, wala hautazami ukubwa wa tundu. Kwa keekee ya chuma cha pua cha kawaida cha karakana, chuma laini hudai mita 25 hadi 30 hivi. Alumini huanza katika mita 60 na yaweza kupita hapo. Alumini ni laini na huupitisha moto upesi, ndiyo sababu hustahimili mwendo mkubwa.

La pili ni hesabu ya mizunguko ya keekee katika dakika moja. Hii ndiyo fundi anayoiweka katika mashine, kwa kuhamisha mkanda kutoka kapi moja hadi nyingine. Nayo hutegemea kipenyo. Mwalimu aweza kulieleza jambo hili kwa magurudumu: mkokoteni na lori vikienda sambamba kutoka Nangurukuru hadi Kilwa Masoko vina mwendo mmoja, lakini gurudumu dogo la mkokoteni litakuwa limezunguka mara nyingi zaidi. Kadhalika keekee nyembamba haina budi kuzunguka mara nyingi ili makali yake yapate mwendo ule ule. Hesabu yake ni kuzidisha mita kwa 1,000 na kugawa kwa mzingo wa keekee katika milimita, na mzingo ni kipenyo mara 3.14. Kwa alumini, kwa mita 60, njia ya mkato ya karakanani ni kugawa 19,000 kwa kipenyo. Keekee ya milimita 10 itazunguka karibu mara 1,900. Ya milimita 5, karibu 3,800. Ya milimita 20, karibu 950. Na ya milimita 2 ingetaka 9,500, ambayo mashine nyingi za mezani haziifikii, na hapo fundi huchukua mzunguko wa juu kabisa alio nao na kutulia. Kwa chuma laini, kwa mita 25, hugawa 8,000.

La tatu ni kina ambacho keekee inazama katika kila mzunguko, nacho ni sehemu ya milimita. Keekee ya milimita 10 katika alumini yaweza kuzama milimita 0.2 kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 1,900 hiyo ni milimita 380 kwa dakika. Bamba la unene wa milimita 12 litapitwa kwa nukta mbili hivi. Seremala aliyezoea mpingo hawezi kuamini mpaka aone.

Tumwangalie sasa yule mwanafunzi mwenye kasi tatu. Amesoma kwamba kasi ya alumini ni 60. Ikiwa ameifahamu kuwa mizunguko 60, na keekee yake ni ya milimita 10, makali yatakwenda chini ya mita 2 kwa dakika, yaani sehemu moja katika thelathini na mbili ya mwendo uliotakiwa. Alumini haikatwi vyema kwa mwendo huo. Hung'ang'ania kwenye makali, hujibandika tabaka juu ya tabaka, na tundu hutoka limechanika. Akidhani kosa ni la kukandamiza kidogo, ataongeza nguvu, na mifereji ikiziba keekee hukatika ndani ya tundu. Kinyume chake, ikiwa ameshika kwamba kasi ni 1,900, akaiacha hiyo hiyo alipobadili keekee ya milimita 20 na bamba la chuma, makali yatakwenda mita 120 kwa dakika penye haki ya mita 25 au 30, nayo yatageuka rangi ya buluu na kufa kabla tundu halijaisha. Ikiwa bamba ni jembamba nalo halikubanwa katika jiliwa, keekee ikilinasa linapokaribia kutoboka bamba zima huzunguka pamoja nayo, na vidole vya mtu haviko mbali. Hayo ndiyo yanayoning'inia kwenye neno moja.

Pana mtego mwingine unaowahusu hasa wale wanaofasiri vitabu vya zamani vya Kiingereza. Vitabu hivyo hupima mwendo wa makali kwa futi katika dakika, na kwa alumini huandika 200 na zaidi. Futi 200 ni mita 61. Mfasiri akiisahau alama ya kipimo na kuandika 200 juu ya safu ya mita, amezidisha mwendo mara tatu na zaidi.

Je, kwa nini *kasi* lisifae? Sababu imo ndani ya neno lenyewe. Katika matumizi ya watu, kasi lina maana ya upesi na pia ya nguvu. Maji yapitayo kwa kasi ni maji yaendayo mbio na yenye msukumo. Mwanafunzi akiambiwa *ongeza kasi* ana haki ya kuongeza mzunguko, na ana haki ile ile ya kukandamiza. Neno linalobeba mambo hayo mawili pamoja ni zuri katika utenzi, si katika jedwali. *Mwendokasi* lingeweza kufikiriwa, lakini tangu mwaka 2016 wakazi wa Dar es Salaam wamelifanya jina la mabasi yao, na mwenye kusoma habari za mwendokasi wa keekee atangojea kituo.

Taratibu za kutafuta neno tunazo. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika ya Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa tahajia na vitabu vya shule. Istilahi za ufundi zilipata msukumo baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa sheria mwaka 1967 na kuanza kutoa orodha za *Tafsiri Sanifu* mwaka 1974. Kanuni iliyokubaliwa ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho kukopa. Kanuni hiyo ni njema. Udhaifu ulioonekana ni wa namna orodha zilivyoandaliwa: neno moja la kigeni lilikabiliwa na neno moja la Kiswahili, safu kwa safu. Lugha ngeni inapotumia neno moja pamoja na vivumishi kutofautisha dhana tatu, safu ya Kiswahili hurithi neno moja na vivumishi vyake, hata kama kwetu vivumishi hivyo havitofautishi kitu. *Kasi ya kukata* ni mfano wake: msomaji huifahamu kuwa ni upesi wa kuimaliza kazi.

Sisi tunapendekeza turudi ufukweni. Jambo la kwanza liitwe *mwendo wa makali*, kwa sababu ni makali yanayosafiri, na fundi akisikia neno makali hutazama pembeni mwa keekee, mahali panapohusika. Jambo la pili liitwe kwa kirefu chake, *mizunguko kwa dakika*, bila kubuni kitu, kwa kuwa kila mtu anaweza kuhesabu mizunguko. Jambo la tatu liitwe *mdidimio*, kutokana na lile kudidimia tulilolitia akiba. Mdidimio wa 0.2 ni keekee kuzama sehemu mbili za kumi za milimita kwa kila mzunguko. Neno hilo lilikuwa mkononi mwa fundi aliyebonyeza jivu tangu zamani, lilikosa umbo la nomino tu.

Wapo watakaosema kwamba mdidimio linanuka jengo linalozama au nchi inayodidimia katika umaskini. Hoja hiyo tunaipa uzito kidogo, lakini haitushindi. Mkazo wa umeme na mkazo wa mawazo vinaishi katika lugha moja bila kugombana. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya walimu wa mashine za kukereza, ambako chombo hakidimii bali husogea kwa ubavu. Huko pengine *msogeo* litafaa zaidi, na hatuoni ubaya wa kuwa na maneno mawili penye vitendo viwili. Kuhusu *drili* na *biti*, hatuoni sababu ya kupambana nayo karakanani. Katika maandishi keekee ibaki, na mahali pa kutofautisha mashine na chuma chake iandikwe *mashine ya keekee* na *keekee*. Msukano na jivu nayo yarudi kazini: mti unaozunguka katika mashine, unaoshika keekee, ni msukano ule ule uliofanywa chuma.

Linabaki neno la kile kinachotoka ndani ya tundu. Tumetumia *maranda*, ambalo ni la randa ya seremala, na linafaa kwa alumini kwa kuwa alumini ikikatwa vyema hutoka imejisokota kama maranda ya mbao laini. Fundi huisoma kazi yake humo: maranda yakitoka marefu yenye kung'aa, mwendo na mdidimio vimepatana, yakitoka yamekunjamana, yamekwaruzika, au yakikwama mferejini, kimojawapo kimekosewa, au mafuta yamekwisha. Mafuta ya taa kidogo kwenye ncha ndiyo dawa ya kawaida ya alumini, na keekee inyanyuliwe mara kwa mara katika tundu refu ili mifereji ijisafishe.

Tuijaribu istilahi hii penye kazi. Fundi wa Likawage ana kifuniko cha injini ya pikipiki ambacho uzi wa tundu lake umekwisha kulika, naye anataka kulipanua kwa keekee ya milimita 8. Mwongozo unamwambia: *mwendo wa makali, mita 60 kwa dakika, mdidimio, milimita 0.15*. Anagawa 19,000 kwa 8, anapata 2,375. Lakini kifuniko ni cha alumini ya kumimina iliyochanganywa silikoni, na silikoni hula makali kama mchanga, kwa hiyo mwongozo unaongeza kwamba kwa alumini ya kumimina mwendo wa makali upunguzwe. Mashine yake ina ngazi tano za kapi. Mojawapo ni ya mizunguko 1,700 na inayofuata ni ya 2,600. Anaufungua mkanda, anauteremsha kwenye ile ya 1,700, anakibana kifuniko katika jiliwa, anatia mafuta, na kuanza.